Siri Hewani: Kutoka Rufiji hadi Ufuko wa Mweru

Kabla ya vita vya 1914, mtu aliyetega nyavu zake katika Ziwa Mweru upande wa Nchelenge, tuseme pale Kafutuma, hakuwa na namna ya kujua kwamba maneno ya watu wengine yalikuwa yakipita juu ya kichwa chake. Wabelgiji, kwa kuhimizwa na Mfalme wao Albert I na chini ya usimamizi wa Robert Goldschmidt, walikuwa wamejenga mlolongo wa mitambo ya redio ulioanzia karibu na Atlantiki, ukapanda na Mto Kongo hadi Stanleyville, ukashuka Kindu, Kongolo na Kikondja, ukaishia Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Ujumbe uliokuwa ukisafiri kwa boti, treni na miguu ya wapagazi ukaanza kwenda kwa nukta na vistari vya Morse. Mawimbi hayo hayakuishia Elisabethville. Yalisambaa pande zote, yakavuka Mto Luapula, yakapita juu ya ziwa bila kuuliza ni wapi Kongo ya Wabelgiji inakoma na Rodesia ya Waingereza inaanza.

Mitambo ya wakati huo ilikuwa ya cheche. Opereta alibonyeza kitufe, umeme ukaruka kati ya vyuma viwili, na kila cheche ikatoa mawimbi mapana yaliyomeza masafa mengi kwa mkupuo. Akiwapo opereta mwingine jirani anayetuma saa ileile, wote wawili waliharibiana, na yeyote mwenye waya mrefu juu ya mti na kifaa cha kusikilizia aliweza kunakili kila herufi. Kwa hiyo redio ilizaliwa na matatizo mawili: hewa ni moja na watu ni wengi, na kila anayesema anasikika na asiowakusudia. La kwanza lilitatuliwa kwa zamu, la pili kwa vitabu vya maneno ya siri. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla mafundi hawajapata njia moja ya kuyashughulikia yote mawili, na njia hiyo nayo, kama tutakavyoona, iliacha tundu palepale lilipokuwa tangu mwanzo.

Afrika Mashariki ililijua tundu hilo mapema. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza Astraea ililenga mizinga yake kwenye mtambo wa redio wa Dar es Salaam. Bandari na maghala vingeweza kusubiri. Waingereza walijua kwamba mlingoti ule ukisimama, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa tayari imekwenda baharini, ingeendelea kupata habari. Nahodha wa Königsberg, Max Looff, naye alijua upande wa pili wa jambo hilo: akituma neno, atajulikana alipo. Akanyamaza. Tarehe 20 Septemba aliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha akatoweka kana kwamba bahari imemficha.

Waingereza walimtafuta kwa wiki nyingi. Kilichomfichua kilikuwa karatasi. Tarehe 19 Oktoba 1914 mabaharia wa meli ya Chatham walipanda meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa imetia nanga Lindi, wakapekua, wakakuta maandishi yaliyoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa kwa Königsberg ndani ya delta ya Rufiji. Kabla mwezi haujaisha meli ikaonekana, milingoti yake ikichomoza juu ya mikoko. Looff alikuwa ameilinda hewa barabara. Hakuweza kulinda kila karatasi iliyokuwa mikononi mwa watu wengine.

Rufiji ilitoa funzo lingine, hili la zamu. Mnamo Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili za maji ya kina kifupi zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, ambazo zingeweza kuingia mitoni. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona Königsberg nyuma ya misitu ya mikoko, kwa hiyo ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaambia kwa redio risasi zao zimeanguka wapi. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji aliye angani akashindwa kutofautisha risasi ya nani imeangukia matopeni na ya nani imeangukia majini. Masahihisho aliyotuma yalikuwa ya kweli, lakini hayakujulikana ni ya nani. Tarehe 11 Julai wakabadili utaratibu: apige mmoja, mwingine angoje. Siku hiyo ndege ilipopigwa na kuanza kushuka, mtazamaji wake, Arnold, aliendelea kutuma masahihisho hadi yeye na rubani walipoangukia mtoni. Königsberg iliteketea mchana uleule. Wanahistoria wa bahari huandika mengi juu ya ushujaa wa ndani ya ndege ile, na wana haki. Mimi naona uamuzi wa kupiga kwa zamu ulifanya kazi kubwa zaidi, na haukumgharimu mtu hata tone la damu.

Vita vilipoendelea mitambo ya redio ikawa shabaha ya kwanza kila mahali. Mnamo Juni 1915 kikosi kilichovuka Ziwa Viktoria kiliuangusha mlingoti wa Bukoba. Mnamo Novemba 1917 ndege ya gesi ya Kijerumani, L59, ilitoka Bulgaria ikiwa na shehena ya silaha na dawa kwa ajili ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ikafika Sudan, magharibi mwa Khartoum, ndipo ikapokea ujumbe wa redio wa kuirudisha. Kwa miaka mingi baadaye ilivumishwa kwamba ujumbe ule ulikuwa hila ya Waingereza, ingawa kumbukumbu zinaonyesha ulitoka Ujerumani kwenyewe. Uvumi wenyewe una maana yake. Kamanda aliye angani usiku, akisoma herufi zinazoingia masikioni mwake, hana uso wa kuutazama wala sahihi ya kuikagua. Anachoamini ni kitabu cha siri kilichomo mfukoni mwake na nakala yake iliyobaki nyumbani, na kwamba hakuna nakala ya tatu.

Lettow mwenyewe alipata habari za mwisho wa vita karibu na Mto Chambeshi, kusini mwa Kasama, tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Zililetwa na mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyekamatwa na watu wake. Hakuziamini mara moja.

Miaka 43 baadaye anga ileile ya kaskazini mwa Rodesia ilishuhudia tukio ambalo hadi leo halijafungwa. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakipigana Elisabethville, na Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alitaka kukutana na Tshombe huko Ndola ili wasitishe vita. Tarehe 17 Septemba 1961 ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, iliondoka Leopoldville. Rubani aliandikisha safari ya kwenda Luluabourg ili kuwapoteza wafuatiliaji, kwa sababu Katanga ilikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliyokwisha kuusumbua Umoja wa Mataifa. Kisha ndege ikazunguka mashariki kuikwepa Katanga, ikapita Ziwa Tanganyika, na kugeuka kuelekea Ndola. Kwa saa nyingi ilinyamaza. Ndani yake alikuwamo opereta wa redio Msweden, ili panapokuwa na lazima ya kutuma ujumbe wa mbali, autume kwa Kiswidi, lugha ambayo wasikilizaji wachache wa Kongo na Rodesia wangeielewa. Ilikuwapo pia mashine ya maandishi ya siri aina ya CX-52, iliyotengenezwa na kampuni ya Boris Hagelin huko Uswisi.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku rubani alitangaza kwamba anaziona taa za Ndola. Hakusikika tena. Mabaki yalipatikana msituni mchana uliofuata. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja alikutwa hai, akafariki hospitalini siku chache baadaye.

Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuifuatilia kesi hii kwa karibu. Tangu 2015 aliyeongoza uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu kifo hicho ni Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Swali lake kubwa halikuhusu bawa wala injini. Alitaka kujua nani alikuwa akisikiliza usiku ule. Mwanajeshi mmoja wa Marekani aliyekuwa kwenye kituo cha kusikilizia huko Cyprus alieleza kwamba alisikia sauti ya rubani akisimulia jinsi anavyoishambulia ndege kubwa. Othman aliziandikia serikali mbalimbali kuomba kumbukumbu za vituo vyao vya kusikilizia, na katika taarifa zake alirudia kueleza kwamba baadhi ya serikali hizo hazijatoa yote. Kuhusu CX-52, historia imekuwa kali zaidi. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni ile ya Uswisi, Crypto AG, ilinunuliwa kwa siri mwaka 1970 na mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani Magharibi, na kwamba uhusiano wa Hagelin na wajasusi wa Marekani ulianza katika miaka ya 1950. Mteja aliyedhani amenunua kufuli alinunua kwa mtu aliyebaki na ufunguo wa akiba. Mashine iligeuza maneno kuwa fumbo mbele ya macho ya mteja, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku.

Unyamavu, lugha isiyojulikana, mashine, safari ya uongo kwenye makaratasi: ulinzi wote wa usiku ule ulikuwa juu ya maneno na juu ya ratiba. Masafa yenyewe yalibaki mahali pamoja, wazi, na yeyote aliyeyajua aliweza kuyakalia.

Wazo la kuyahamisha masafa lilikuwa la zamani. Nikola Tesla alipata hataza mbili nchini Marekani mwaka 1903 zilizoeleza jinsi ya kugawa ishara katika masafa zaidi ya moja ili asiyejua mpangilio asiipate. Mjerumani Jonathan Zenneck alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha 1908. Lakini wanaokumbukwa zaidi ni Hedy Lamarr, mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Vienna, na George Antheil, mtunzi wa muziki. Lamarr aliwahi kuolewa na mfanyabiashara wa silaha wa Austria, na mezani alisikia mengi kuhusu torpedo zinazoongozwa kwa redio na jinsi adui anavyoweza kuzipoteza kwa kupiga kelele kwenye masafa yaleyale. Antheil naye alikuwa amehangaika na piano zinazojipiga zenyewe kwa karatasi yenye matundu, akitaka kadhaa zipige kwa pamoja bila kupishana. Wakaunganisha ujuzi wao: karatasi mbili zenye matundu sawasawa, moja kwenye meli na nyingine ndani ya torpedo, zizunguke kwa mwendo mmoja, na kila tundu libadilishe masafa. Walipendekeza masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Hataza yao ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942. Jeshi la majini la Marekani halikuitumia, na muda wake ulikwisha bila wao kupata senti. Siku hizi husemwa kwamba Lamarr ndiye aliyegundua simu ya mkononi. Hiyo ni chumvi. Alichokifanya kinatosha bila kuongezwa: yeye na mwenzake walieleza waziwazi kwamba pande mbili zikiwa na orodha moja na mwendo mmoja, adui atabaki akikimbiza kivuli.

Tuseme mvuvi na mchuuzi wake hawataki madalali wajue wanakutana wapi. Wanaandika orodha: leo gati hili, kesho lile, keshokutwa nyuma ya mwamba. Dalali akilala kwenye gati moja mwezi mzima atawaona siku mbili tatu tu, na hatajua siku nyingine walikuwa wapi. Wachuuzi wengine ishirini wakiwa na orodha zao, zikapangwa vizuri, gati zilezile zitawatosha wote bila msongamano. Hapo ndipo kuficha na kugawana kulipokutana. Orodha hiyohiyo inayomkwepa dalali ndiyo inayoepusha kugongana. Lakini mchuuzi akikosea tarehe kwa siku moja, hatamwona mvuvi tena. Na dalali akiiokota orodha, amewapata wote.

Majeshi yalifika huko polepole, kwa sababu karatasi yenye matundu haiwezi kwenda mbio inayotakiwa. Ilibidi kungoja vifaa vidogo vya elektroniki. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kiingereza Racal iliuza redio ya mgongoni iliyoitwa Jaguar, na Wamarekani wakatengeneza SINCGARS, inayoruka zaidi ya mara 100 kwa sekunde kati ya chaneli 2,320. Anayesikiliza chaneli moja hupata vipande vya sauti vifupi kuliko silabi. Anayetaka kuzuia mawasiliano hana budi kupiga kelele kwenye masafa yote, na nguvu ya mtambo wake ikigawanywa hivyo inakuwa hafifu kila mahali. Askari wa mawasiliano walikuta, hata hivyo, kwamba kazi ngumu ilikuwa asubuhi, kabla ya kuondoka kambini: kumwaga orodha na ufunguo ndani ya kila redio kwa kifaa maalumu, na kuzilinganisha saa. Redio ambayo saa yake imepotea ni bubu na kiziwi, hata ikiwa hatua mbili kutoka kwa mwenzake.

Watu wa Mweru hawakuiona teknolojia hiyo katika sura yake ya kijeshi. Kwa miongo mingi walichokuwa nacho ni redio ya mawasiliano ya mbali, ambayo upande wa Kongo inaitwa foni. Misheni ilikuwa nayo, mgodi ulikuwa nayo, na baada ya serikali ya Mobutu kuchoka, wafanyabiashara wakaifanya duka: unalipa, opereta anamwita mwenzake wa mji mwingine, ndugu yako anaitwa kutoka sokoni, na mnazungumza mkipokezana, kila mmoja akimaliza na neno la kumpa mwenzake nafasi. Kila aliyesimama dukani alisikia, na kila duka lililokuwa kwenye masafa hayo lilisikia. Basi watu wakafanya kama manahodha wa zamani. Bei ya mzigo ikapewa jina la utani, na jambo la ukoo likasemwa kwa mafumbo. Foni ilidumu kwa sababu ilifika mbali bila mnara wowote, na kwa sababu fundi mmoja mwenye betri ya gari na waya aliweza kuiendesha.

Mnamo Desemba 2000, katika vita vya Kongo, Pweto, mji ulioko kaskazini mwa ziwa pale Mto Luvua unapotoka, uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Makumi ya maelfu ya watu wakaingia Zambia, raia na askari wa Kinshasa pamoja. Kambi za Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso, zikajaa watu waliozungumza Kiswahili cha Katanga katika nchi ya Kibemba. Magari ya mashirika ya misaada yalikuja na antena zao ndefu za redio ya aina hiyo, na kwa muda njia ya haraka ya kujua kama mtu amevuka ilipitia kwa opereta wa redio. Historia hiyo ilijirudia 2017, safari hii wakimbizi wakapokelewa Kenani, ndani ya Nchelenge yenyewe, kisha wakahamishiwa Mantapala. Tofauti kubwa ni kwamba wengi wa hawa wa pili walivuka na simu mfukoni.

Simu za mkononi za mfumo wa GSM ziliingia Zambia mwishoni mwa miaka ya 1990, na kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, Msudani mwenye asili ya Nubia, ikajenga minara pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2006 iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika utaratibu ulioitwa One Network, mteja akipiga simu nchi jirani bila gharama ya ugenini, na mwaka uliofuata Kongo ikaingizwa. Baadaye jina likawa Zain, kisha Airtel.

Ndani ya simu hizo ndimo masafa yanayoruka yalipofika ufukoni, bila tangazo. GSM inagawa hewa kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza ni zamu: kila chaneli inagawanywa kwa watu wanane, kila mmoja akipewa nafasi isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, halafu duru inaanza upya. Pili ni kuruka: mnara ukiagiza, simu hubadilisha masafa kila duru, yaani mara 217 kwa sekunde. Kuna mipangilio 64 ya kuruka. Watu wanaozungumza chini ya mnara mmoja hutumia mpangilio mmoja lakini kila mmoja anaanzia hatua yake, kwa hiyo hawagongani kamwe. Minara jirani hutumia mipangilio tofauti, kwa hiyo wakigongana ni kwa kipande kidogo ambacho simu inaweza kukirekebisha. Kando ya maji hili lina faida yake, kwa kuwa wimbi linaloakisiwa na uso wa ziwa huweza kuua masafa fulani mahali fulani. Simu inayoruka haikai hapo muda wa kutosha kuumia.

Lakini mpangilio huo si siri. Mnara wenyewe unautangaza, na lazima uutangaze, la sivyo simu ngeni isingejua pa kuanzia. Wahandisi wa Ulaya walichukua nusu ya wazo la kuruka, ile ya kugawana, wakaacha ile ya kuficha. Siri wakaihamishia kwenye kadi ndogo: namba moja ndefu iliyochapwa ndani ya laini yako, na nakala yake ikabaki kwenye kompyuta ya kampuni. Kutokana na namba hiyo hutengenezwa ufunguo wa kuyafumba mazungumzo. Mafumbo ya kwanza ya GSM, A5/1, yalionyeshwa hadharani mwaka 2009 kwamba yanaweza kufumbuliwa kwa kompyuta za kawaida. Kasoro nyingine ilikuwa ya adabu tu: simu ilitakiwa kujitambulisha kwa mnara, mnara haukutakiwa kujitambulisha kwa simu. Anayeweza kujenga mnara bandia anapokewa kama mwenyeji. Vizazi vilivyofuata vya simu vimerekebisha hilo. Hata hivyo kwa miaka mingi pesa ya dagaa na ya samaki wa Mweru ilitumwa kwa ujumbe mfupi kupitia mitandao ya kizazi cha pili.

Ziwa lenyewe lilileta hesabu yake. Mweru ina urefu wa kilomita 131 na mahali pana zaidi hufika kilomita 56. Kwa kawaida simu ya GSM haiwezi kuongea na mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama wimbi linafika vizuri juu ya maji matupu. Sababu ni zamu. Wimbi huchukua muda kusafiri, na simu iliyo mbali huambiwa na mnara iwahi kidogo kutuma ili sauti yake ifike ndani ya nafasi yake. Mnara una hatua 64 za kuagiza hivyo, kila hatua ikiwa sawa na nusu kilomita na ushei. Zikiisha, sauti ya mvuvi ingeangukia kwenye nafasi ya mtu mwingine, basi mtandao unamkatalia. Mitambo inaweza kupangwa ifike mbali zaidi kwa kumpa mtu mmoja nafasi mbili, na kampuni hulipa gharama hiyo pale inapoona wateja wa kutosha. Mvuvi wa dagaa aliye katikati ya ziwa usiku na taa zake si soko kubwa.

Kuna mrukaji mwingine mfukoni mwa watu wa Mweru, na huyu anaruka mbio zaidi. Bluetooth ilianza kwa wahandisi wa Ericsson huko Lund, Sweden, Mholanzi Jaap Haartsen akiwa mbele yao, na mwaka 1998 kampuni tano zikaungana kuisimamia. Inatumia chaneli 79, ikiruka mara 1,600 kwa sekunde, kwenye masafa ambayo hayahitaji leseni na ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi na hata majiko ya maikrowevu. Tangu 2003 imejifunza kuzikwepa chaneli zilizojaa: vifaa viwili hupima, huzifuta zilizochafuka kwenye orodha, na kuendelea na zilizobaki. Kabla intaneti haijawa nafuu, hivi ndivyo nyimbo za Lubumbashi na za Lusaka zilivyovuka Luapula, simu kwa simu, bila kununua kifurushi. Orodha ya kuruka hutokana na anwani na saa ya kifaa kinachoongoza, na mtu mwenye vifaa na subira anaweza kuifuata. Ulinzi wa kweli umo katika ile dakika ya kwanza, vifaa viwili vinapokubaliana ufunguo.

Mwaka 2019 watafiti Daniele Antonioli, Nils Tippenhauer na Kasper Rasmussen walionyesha kwamba dakika hiyo ina mlango. Kabla ya kuzungumza, vifaa viwili hujadiliana ufunguo wao uwe na urefu gani, na majadiliano hayo yenyewe yalifanyika hewani bila ulinzi. Mtu wa kati aliweza kuyaingilia akawafanya wakubaliane ufunguo mfupi kiasi cha kukisiwa mara moja, na kila upande ukadhani mwenzake ndiye aliyetaka hivyo. Kanuni zilibadilishwa na marekebisho yakatumwa kwenye simu zenye uwezo wa kuyapokea. Vitochi vingi, zile simu ndogo za kawaida, vinavyouzwa masokoni, Kashikishi au Kilwa ya Kongo au kwingineko, havina njia ya kupokea chochote baada ya kutoka kiwandani. Spika ndogo zinazouzwa navyo, za mfumo wa zamani, hujadiliana kwa uchache zaidi: namba yao ya kuunganishia ni 0000, na imechapwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.